Ringi ya Ndani

1

Pula ya miguu mitatu ilikuwa mezani tangu asubuhi, na Eliwaza Mbwambo alikuwa akiizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemfahamu. Si kwamba hakuijua. Aliijua pula hiyo kabla hajajua kusoma. Baba yake, Mzee Kalebi, aliitumia kutolea beringi kwenye mashine za kupasulia mbao, akaja kuitumia kwenye pikipiki, na miguu ya chuma ya kuvaa ilipofika mlimani akaikwangua kutu, akazinoa kucha zake tatu mpaka zikawa nyembamba, akaendelea na kazi. Ni chombo kisicho na maringo. Kucha tatu zinashika beringi kwa nyuma, parafujo ya katikati inasukuma ncha ya shafti, wewe unazungusha spana, na kilichoingizwa kwa nguvu kinatoka kwa nguvu.

Kando ya pula ulilala mguu. Ulikuwa mguu wa kushoto wa kuvaa, mzima, toka kiunoni hadi unyayo, na matope ya Mhenza yalikuwa yamekaukia kwenye goti. Mwenye mguu, Senyaeli Mrutu, alikuwa amezikwa siku nne zilizopita. Eliwaza alikuwepo mazikoni, akatupa udongo wake kiganja kimoja kama wengine, akarudi nyumbani bila kufikiria lolote zaidi ya huzuni.

Wachukuzi wote wa Mhenza walivaa miguu ya namna hiyo. Tangawizi yao inalimwa juu huko ambako hata punda hutazama njia mara mbili, lakini mtu akishajifunga miguu yake kiunoni hubeba magunia mawili na kushuka nayo akipiga mluzi. Na beringi za nyonga zilikuwa sikivu. Ndani ya chuma chake umepitishwa uzi usioonekana kwa macho, na uzi huo unakumbuka kila uzito, kila mteremko, kila pigo, kuanzia nyundo ya kwanza iliyoiingiza beringi kwenye shafti hadi siku inayotolewa. Haipigi picha, haisikii maneno ya watu. Inajua habari za miguu tu.

Sasa ushirika wa wachukuzi ulitaka kujua beringi hii inajua nini. Karani wao, Togolai Mshana, ndiye aliyeuleta mguu mwenyewe, na barua juu yake. Barua ilisema fundi aliyefunga beringi ndiye atakayeitoa, mbele ya mashahidi, kesho saa nne asubuhi. Kanuni hiyo ilikuwa ya zamani na haikuwa na hila, maana kila fundi hugonga alama yake kwenye ncha ya shafti na anajua kazi yake alivyoifanya. Alama iliyokuwa kwenye shafti hii ni nukta mbili na mstari. Ilikuwa ya Eliwaza. Isitoshe, safu nzima ya milima ya Mhenza ilikuwa na fundi mmoja tu.

Nyuma ya karani alikuwa amesimama Nakundwa, mjane wa Senyaeli, kitambaa cheusi kichwani. Hakulia. Alingoja Togolai amalize kusoma barua yake ndefu, kisha akasema neno moja.

"Fundi, wanasema alikuwa amekunywa pombe ya dengelua. Mimi nilimpikia uji asubuhi ile, nikamfunga mikanda mwenyewe. Nataka hiyo beringi iseme."

Eliwaza alimjibu kwamba itasema. Alijibu upesi, kama unavyojibu salamu, na walipoondoka akabaki anajiuliza kwa nini amejibu upesi hivyo.

Alichokuwa anakiogopa Nakundwa, kila mtu Mhenza alikijua. Mchukuzi akianguka kwa uzembe wake mwenyewe, husomwa. Kila Jumatatu penye mzani, kabla ya mizigo kufungwa, karani husoma majina yao kwa sauti mwaka mzima, ili wengine wajiangalie. Hakuna kiboko wala jela. Lakini muulize mtoto ambaye baba yake anasomwa, akitaniwa shuleni anamjibu nini mwenzake. Jamani, aibu nyingine hata kuhama haikuondolei.

2

Beringi ni kitu chepesi kukieleza. Ina ringi mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi. Kwenye nyonga ya miguu ya chuma, ringi ya ndani ndiyo inayobana shafti, inabana haswa, na ya nje inazunguka. Kwa hiyo ukiiingiza unapiga ringi ya ndani. Unachukua bomba jembamba linalokaa juu ya ringi hiyo peke yake, unaligonga, beringi inashuka taratibu mpaka mlio wa nyundo ubadilike, na hapo unajua imekaa.

Ukikosea ukachukua bomba pana, ukapiga ringi ya nje, beringi itaingia vilevile. Itaingia vizuri tu. Lakini nguvu ya nyundo itakuwa imepita kwenye gololi, na kila gololi itakuwa imeuma njia yake na kuacha kishimo kidogo kuliko chawa. Hutakiona. Utaizungusha kwa kidole na itateleza kama ya dukani. Baada ya wiki mbili itaanza kunguruma. Baada ya hapo ni bahati ya mvaaji.

Mzee Kalebi alimfundisha hayo akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Alikuwa akimgonga kidole kwenye kifundo cha mkono na kusema, "Unasukuma kinachobana." Na mabomba yake aliyatundika ukutani kwenye misumari, jembamba huku, pana kule, na akitumia moja hulirudisha kwenye msumari wake hata kama nyumba inaungua. Watoto wake wote wawili walikuwa na tabia hiyo hadi leo.

Basi siku ile ya Jumanne, mwezi na zaidi uliopita, Eliwaza alikuwa ameibana shafti ya Senyaeli kwenye vaisi, beringi imeshaanza kuingia, simu ikalia. Alikuwa kaka yake Naftali, kutoka hospitali kule Same. Baba anakuulizia, alisema, njoo sasa hivi. Eliwaza akamaliza kuipiga ile beringi, akaufunga mguu, akamwachia jirani ampe mwenyewe akija kuuchukua, akashuka mlima. Alimkuta baba ameshafunikwa shuka.

Walimleta wakamzika Mhenza. Eliwaza akafunga karakana siku arobaini, kama inavyotakiwa, na getini akatundika ringi kuukuu ya beringi iliyofungwa kitambaa cheusi. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya karakana ya Mzee Kalebi tangu zamani: ringi ikiwa getini na kitambaa, nyumba ina msiba, usilete kazi. Watu wa Mhenza waliiheshimu. Siku ya thelathini na sita Senyaeli akaanguka penye mwamba wa juu na magunia yake mawili.

Karakana aliifungua jana. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa bomba pana, limelala mezani kando ya vaisi. Bomba jembamba lilikuwa kwenye msumari wake, na buibui amelifunga na ukuta kwa utando.

Buibui anaweza kujenga ndani ya siku arobaini, Eliwaza alijiambia. Utando hauthibitishi kitu. Lakini bomba pana lilikuwa mezani, na siku ile ya Jumanne hakufanya kazi nyingine yoyote. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaogopa kama alivyokuwa hajaogopa tangu utotoni.

3

Naftali alikuja jioni kumwona. Alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini amelelewa kwenye karakana ile ile, na macho yake yalitoka kwenye mguu, yakaenda kwenye bomba lililokuwa mezani, yakaenda ukutani. Hakuhitaji kuelezwa. Alivuta kiti akakaa.

Halafu akaanza kusema, tena kwa upole. Alisema pula inashika popote unapoishikisha. Nyuma ya ringi ya ndani nafasi ni nyembamba, kila mtu analijua hilo, na ringi ya nje ni pana, inashikika kirahisi. Beringi ikivutwa kwa ringi ya nje gololi zinapondeka, uzi unakatika, na itatoka bubu. Togolai hajui kutofautisha pula na koleo. Kutu, utasema. Ilikuwa imegoma kwa kutu. Beringi ngapi hugoma?

Naftali akamhesabia: Mhenza kuna jozi sabini na tatu za miguu, na zote anazihudumia yeye. Mkunga Naetwe angewafikiaje wajawazito wa kule juu bila miguu yake? Mzee Mgonja ambaye hakutembea miaka tisa, leo anakwenda kanisani mwenyewe. Ikisomwa beringi hii alama ya Eliwaza itafutwa kwenye daftari la mafundi, na fundi mwingine wa karibu yuko Same, safari ya siku nzima.

"Senyaeli ameshakufa, dada," alisema. "Ukijitoa wewe, yeye hafufuki. Unawakalisha tu watu sabini na watatu."

"Na Jumatatu asomwe yeye?"

"Mwaka mmoja. Watu husahau."

"Nakundwa atasahau?"

Naftali aliinuka. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa mazito. Angekuwa mbaya, Eliwaza angemfukuza na kulala usingizi. Alipoondoka, Eliwaza aliziosha kucha za pula kwa mafuta ya taa, moja moja, akazikausha kwa kitambaa, na alipomaliza alikuwa bado hajaamua.

4

Kesho yake saa nne walikuwa wanne karakanani: Eliwaza, Naftali, Nakundwa, na Togolai Mshana ambaye alikuja na kisahani chake cha kusomea beringi na hamu kubwa ya kuwahi chakula cha mchana. Togolai aliuliza kama kazi itachukua muda. Eliwaza akasema inategemea.

Akaulaza mguu pembeni, akafungua kifuniko cha nyonga. Beringi ilionekana, na grisi nyeusi pembezoni, na ncha ya shafti yenye nukta mbili na mstari. Mguu ulikuwa unacheza mezani, kwa hiyo akaomba mtu aushike. Alikuwa anamtazama Naftali, lakini Nakundwa ndiye aliyesogea. Alilishika lile goti la chuma kwa mikono miwili, akaliegemeza tumboni mwake, kama unavyomshika mtoto anayekwenda kuchomwa sindano.

Eliwaza aliziweka kucha tatu kwenye ringi ya nje.

Hakujiambia kwamba anafanya hivyo. Mikono ilizipeleka pale, palipokuwa rahisi, naye akaiacha. Akaisogeza parafujo hadi ikagusa ncha ya shafti. Akatia spana, akazungusha robo. Alihisi pula ikianza kukaza. Robo nyingine na zile gololi zingeanza kulia, na hakuna mtu pale ndani angejua kilio hicho ni cha nini isipokuwa kaka yake, ambaye alikuwa anatazama dirishani.

"Anatetemeka," alisema Nakundwa, maana mguu ulikuwa unatikisika kidogo kwa ule mkazo. Kisha akajisahihisha kwamba unatetemeka, na akaushika kwa nguvu zaidi.

Eliwaza akarudisha spana nyuma. Robo moja. Akailegeza parafujo, akazitoa kucha zote tatu, akafuta jasho la mikono kwenye gauni. Togolai akauliza kuna tatizo gani. Akamwambia hakuna, amekosea pa kushika.

Kuzipitisha kucha nyuma ya ringi ya ndani kulichukua karibu nusu saa. Kila moja ilibidi iingie kwa ubavu kisha igeuzwe, na ya tatu ilikataa mara nne. Togolai alipiga miayo. Naftali aligeuka kutoka dirishani, akaona kucha zilikopita, akaja akamshikia dada yake taa. Mwishowe zote zilikaa. Eliwaza akazungusha spana polepole, na beringi ikatoka na mlio mmoja mkavu, nzima, ikaangukia kiganjani mwake.

Akaiweka mwenyewe juu ya kisahani cha Togolai.

5

Kisahani kilikuwa na sauti ya mwanamke mwenye Kiswahili cha redioni, asiye na haraka.

"Kufungwa. Mapigo matano. Mawili, ringi ya ndani. Matatu, ringi ya nje."

Eliwaza alifumba macho. Mawili na matatu. Aliona sasa ilivyokuwa, wazi kabisa: alikuwa ameanza vizuri, na bomba sahihi. Simu ikalia. Kabla ya kuipokea alilirudisha bomba jembamba kwenye msumari wake, kama alivyofundishwa, hata kama nyumba inaungua. Baada ya simu akanyoosha mkono akachukua bomba, na akili yake ilikuwa imeshafika hospitali.

Togolai aliuliza maana yake nini.

"Maana yake ni mimi," Eliwaza alisema. "Niliipiga kwa ringi isiyo yake. Iliharibika kabla hajaivaa."

Karani alimtazama, akasahau chakula cha mchana, akaanza kuandika. Kisahani kikaendelea. Uzito, magunia mawili, ndani ya kiwango. Mwendo wa siku ya thelathini na sita, hatua zilizopangika vizuri mpaka penye mwamba, hakuna kuyumba. Nyonga ya kushoto kukwama. Kuanguka. Nakundwa alivuta pumzi, akakaa kwenye ile ndoo iliyopinduliwa. Hakutazama mtu.

Kwa ushirika kazi ilikuwa imekwisha, na Togolai akanyoosha kidole akizime kisahani, lakini chenyewe kilikuwa kimeshafika kwenye safari zisizo na mzigo. Akasema hizo hazihusiki, mtu anaweza kuwa alikwenda ukweni.

"Siku ya ishirini na mbili," sauti ilisema. "Uzito umehamia mguu wa kulia. Mteremko digrii kumi na moja, hatua mia mbili na sita. Ngazi tatu. Kusimama, dakika kumi na nne. Kurudi."

Eliwaza alikuwa anaijua njia hiyo. Mteremko wa chini ya kanisa. Ngazi tatu za mawe alizozijenga baba yake.

"Siku ya thelathini na moja. Uzito umehamia mguu wa kulia. Mteremko digrii kumi na moja, hatua mia mbili na kumi. Ngazi tatu. Kusimama, dakika ishirini na tisa. Kurudi."

Hakuna mwingine aliyetambua. Naftali alikuwa anakunja kitambaa, Togolai alikuwa anatafuta kifuniko cha kalamu. Angenyamaza, yangepita, na kwa kweli alikuwa ameshakiri ya kutosha kwa siku moja.

"Ni kwangu," alisema. "Alikuja getini kwangu. Mara mbili."

Nakundwa aliinua kichwa.

"Alisema amekuta kuna msiba," alisema taratibu. "Mguu ulikuwa unanguruma, hata mimi niliusikia. Nikamwambia apige hodi. Akaniambia, mke wangu, mtu amefiwa na baba yake, mimi nimpelekee nyonga?"

Siku ya thelathini na moja Eliwaza alikuwa uani, hatua kumi kutoka getini, anachambua choroko na wanawake waliokuja kumliwaza. Alikuwa amechoka kuliwazwa. Vidole vilikuwa vinamwasha kwa kukosa kazi. Mtu yeyote angepiga hodi siku ile, na mguu wowote, angempokea kwa mikono miwili. Alitaka kumwambia Nakundwa hayo na akashindwa, akalia, kwa sauti, mbele ya karani.

6

Alama ya nukta mbili na mstari ilifutwa kwa mwaka mmoja. Ushirika uliamua Eliwaza anaruhusiwa kutoa beringi lakini haruhusiwi kuziingiza, na fundi kutoka Same akawa anapanda kila Alhamisi. Yale aliyoyasema Naftali yalitokea. Mkunga Naetwe alikaa siku sita anangoja goti, na mama mmoja wa kule juu akajifungua akiwa na mama mkwe wake tu. Mama na mtoto walipona wote wawili, lakini Eliwaza hakujidanganya kwamba hilo lilikuwa jambo dogo.

Jumatatu iliyofuata alikwenda penye mzani kama wengine. Jina la Senyaeli Mrutu halikusomwa. Lililosomwa lilikuwa jipya, na hakuna fundi aliyewahi kusomwa kabla yake, kwa hiyo Togolai alikwama kidogo kwenye cheo. Eliwaza Kalebi Mbwambo, fundi. Alisimama akasikiliza hadi mwisho, akarudi nyumbani. Zilibaki Jumatatu hamsini na moja.

Getini ile ringi yenye kitambaa cheusi ilikuwa bado inaning'inia, maana arobaini ilipokwisha hakuwa na moyo wa kuishusha. Akaishusha. Akatafuta kipande cha ubao, akaandika kwa rangi iliyobaki ya milango: HATA KUKIWA NA MSIBA, PIGA HODI. Akakipigilia misumari minne.

Alhamisi hiyo fundi wa Same alikuwa bado hajafika. Eliwaza alikuwa anapaka pula mafuta aliposikia chuma kikilia kwenye ngazi za mawe. Kumbe ulikuwa mguu mmoja tu, umebebwa begani. Nakundwa alikuwa bado na kitambaa chake cheusi. Arobaini yake mwenyewe haikuwa imefika nusu. Alikuwa ameuleta ule wa kulia wa mumewe. Msimu wa tangawizi haumngoji mtu, na kabla hajaivaa yeye hiyo miguu akabebe magunia alitaka beringi aliyoiingiza Eliwaza itolewe.

Geti lilikuwa wazi na Eliwaza anaonekana pale pale mezani. Nakundwa alisimama chini ya ubao, akausoma, akapiga hodi mara tatu kwa nguvu.